Kushusha shada la vikeki kutoka Kadutu: nilipofika hadi sasa

Kuoka nimeshazoea. Kinachoninyima usingizi tangu Februari ni safari ya kutoka jikoni kwetu, juu huku Kadutu, mjini Bukavu, hadi kwenye meza ya mwenye sherehe. Mwenye sherehe mara nyingi yuko chini: Nyawera, Nguba, Muhumba. Ninaandika haya ili nisisahau nilichojaribu, na kwa ajili ya yeyote anayeuza vikeki katika mji wa milima kama huu wetu.

Februari

Shada la kwanza lilikuwa la arusi ya binti wa jirani. Vikeki 19: kimoja katikati, sita vikikizunguka, kumi na viwili nje. Kila kimoja nilikamulia ua la waridi la krimu, nikakichomeka kwa vijiti viwili vya meno kwenye frigoliti, lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya, nililolikaza ndani ya chungu. Katikati nikajaza karatasi za kijani kama majani. Lilikuwa zuri, nami nililipenda sana.

Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, nimelikumbatia. Motari, dereva wake, akanionya: "Mama, ushikilie muzuri, tuko nashuka." Nilishikilia kwa nguvu zangu zote. Kabla ya Nyawera alifunga breki, chungu kikainama mbele, vikeki vitano vikang'oka kwa pamoja. Viwili vilitua kwenye sketi yangu, vitatu barabarani. Mama wa bibi arusi hakusema neno. Alichukua kisu akanisaidia kusogeza vilivyobaki ili kuziba pengo. Nilimrudishia nusu ya pesa, na usiku nililia.

Kesho yake nilikagua matundu ya vijiti. Yalikuwa yamechanika kuelekea chini, yote upande mmoja. Nikaelewa: kijiti hakiishiki keki laini, kinaizuia tu isiteleze. Shada likisimama wima, kila kikeki kinakaa. Likiinama, uzito wote wa keki na krimu unavuta tundu dogo, na tundu linapasuka.

Ushauri mwingi niliousoma unahusu joto: barafu, gari lenye kiyoyozi, usafiri wa alfajiri. Kwa wanaoishi penye joto ni haki yao. Siagi huyeyuka karibu na nyuzi 32 hadi 35, na hulegea kabla ya hapo. Lakini Bukavu iko kando ya ziwa ambalo uso wake peke yake uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Siku nyingi krimu yangu inasimama bila shida. Kinachotuharibia kazi ni mteremko, na juu ya mteremko sikuona mtu aliyeandika.

Machi

Uamuzi wa kwanza: shada halisafiri likiwa shada. Vikeki vinasafiri vimekaa sawa ndani ya katoni, chungu kinasafiri kitupu, kupanga kunafanyika huko huko.

Katoni za keki zenye matundu ni ghali kwangu. Nikakumbuka katoni za karatasi za A4, zile za rimu tano, ambazo duka la fotokopi karibu na kwetu linazitupa. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, kwa hiyo ndani ya katoni kuna kama 22 kwa 30. Kikeki changu kina upana wa 7 juu na 5 chini. Vitatu upande huu, vinne upande ule: kumi na viwili kamili. Na kifuniko kinainuka moja kwa moja bila kugusa krimu.

Chini niliweka kipande cha katoni kilichoinuliwa sentimita 3, chenye matundu ya sentimita 5 na nusu. Kikeki kinaingia kwa kitako, kinakwama kiunoni, hakiendi kokote. Kwanza nilijaribu trei za mayai, lakini mashimo yake ni membamba, vikeki vilikaa juu juu kama kuku kwenye tawi.

Sikutaka kuharibu siagi kwa majaribio, basi nilikamulia viazi vilivyopondwa. Viazi vikipondwa vizuri na kupoa vinasimama karibu kama krimu. Mdogo wangu alishuka na kupanda mara tatu na katoni kichwani. Hakuna kikeki kilichotoka tunduni, ila vya safu ya mbele viligusana nyuso. Nimepunguza waridi hadi upana wa 6.

Kuhusu kupoa nasema kwa kifupi, maana watu wengi wanajua: usifunike keki yenye uvuguvugu. Mvuke unarudi kama maji na vikaratasi vinabanduka. Ninaacha saa mbili, halafu krimu inakaa frigo nusu saa kabla ya kutoka, umeme ukiwepo.

Aprili

Hapa ndipo palinifurahisha kuliko kote. Katoni hata ikiwa nzuri, mikono inayoishika inafuata mteremko. Unaposhuka unaiinamisha bila kujua. Nikawaza juu ya ndoo: ukiibembeza kwa mpini, maji yanabaki sawa na kitako chake. Basi kwa nini nisiitundike katoni?

Nilikata ubao unaozidi katoni kidogo, nikatoboa pembe nne, nikafunga kamba nne za sentimita 60 zilizokutana kwenye fundo moja juu. Kamba moja ikizidi hata kwa kidole, ubao unalala upande, kwa hiyo nilizipima nikiwa nimeweka sahani ya maji katikati ya ubao. Kikeki kimoja kikikosekana pembeni, uzito unahama, kwa hiyo sisafirishi katoni isiyojaa. Pengo naliziba na kikeki cha akiba.

Mdogo wangu alishuka nao kwa miguu sehemu yote kali. Alikuwa anainama yeye, ubao ukabaki sawa na ziwa. Akaniambia: "Yaya (ndivyo anavyoniita, dada mkubwa), hii inajibeba yenyewe!"

Kwenye moto haikufaa. Breki ilipokuja, ubao ulienda mbele ukamgonga motari mgongoni. Kwenye taksi tulijaribu kuutundika kwenye kishikio cha juu ya mlango, ukagonga mlango. Tulichobaki nacho ni hiki: mteremko mkali kwa miguu, ubao ukining'inia, kutoka barabara kubwa, taksi, katoni ikikaa sakafuni na kikwembe kilichokunjwa kila upande. Si kwenye kiti, kiti kinainama nyuma. Wala si magotini.

Mei

Komunio huko Muhumba, vikeki 24, katoni mbili, vibao viwili. Tulitoka saa tatu asubuhi kabla ya mvua. Vyote 24 vilifika. Kimoja nilikiharibu mwenyewe kwa kidole gumba nikifungua kifuniko, nikakikamulia upya kwa krimu ya akiba. Kupanga shada kulichukua dakika 25, mama mwenye nyumba akinishikia chungu.

Agizo lijalo ni la vikeki 36, mtaa wa Panzi. Nimeomba katoni ya tatu dukani. Mikono ya kubeba ubao wa tatu bado naitafuta.