Nukta za y² = x³ − x: nane, nane na nane

Jedwali letu la idadi ya nukta limefika namba tasa 41. Kwa anayejiunga leo: mlinganyo ni y² = x³ − x, na kwa kila namba tasa p natafuta jozi za x na y (kila jozi ni nukta) zinazoutimiza kwa hesabu za baki, yaani kila jibu tunaligawa kwa p na kushika baki tu. Mwisho naongeza nukta moja ya infiniti, ya ziada, isiyo na x wala y. Kompyuta ni ya kuhakiki. Hesabu zenyewe tunazifanya kwa kalamu, barazani hapa Makorora jua likishapoa, mimi na mpwa wangu wa kidato cha nne.

Yeye ndiye aliyeliona. "Mjomba, mbona tano imetoa nane, saba nane, na kumi na tatu nayo nane?"

Ya saba ni nyepesi. Namba tasa inayobakiza 3 ukiigawa kwa 4 hutoa p + 1 siku zote: ukigeuza x kuwa −x, upande wa kulia hubadili ishara, na kwa namba hizo −1 haina kipeuo cha pili, basi mmoja akipata y mwenzake anakosa.

Utamu uko kwa zinazobakiza 1. Kila moja ni jumla ya miraba miwili, kwa mfano 13 = 3² + 2². Chukua ile witiri, 3, izidishe kwa 2, upate 6. Idadi ya nukta ni 14 − 6 au 14 + 6, ambapo 14 ni p + 1. Ni ipi? Mwanahisabati Gauss aliandika kanuni ya mkunjo (mchoro wa mlinganyo) wa ukoo huu kwenye ingizo la mwisho la shajara yake, Julai 1814, nami nilitaka sababu ya ishara ambayo kijana wa sekondari anaweza kuishika mkononi.

Sababu hiyo ni nukta moja. Kwa namba hizi −1 ina kipeuo cha pili, kiite i. Weka x = i: unapata i³ − i = −2i, ambayo ni (1 − i)² kamili! Basi (i, 1 − i) iko kwenye mkunjo. Kwa 13, i ni 5, maana 25 hubaki sawa na −1. 125 − 5 = 120, baki 3; na (1 − 5)² = 16, baki 3. Nukta za mkunjo zina kanuni yao ya kujumlishwa, na jumla ya mbili ni nukta nyingine ya mkunjo, yaani zinaunda kundi, na hii ukiijumlisha na yenyewe unatua (0, 0). Ikiungana na (0, 0), (1, 0) na (−1, 0) inazaa kikundi cha nukta nane, na idadi ya kikundi siku zote hugawanya idadi ya kundi lote, hivyo idadi yote lazima igawanyike kwa 8. 20 imeanguka, 8 imebaki. Kwa 17 chagua kati ya 16 na 20. Kwa 29, kati ya 20 na 40. Mpwa wangu sasa anajibu kabla sijafungua daftari.

Kwenye sehemu za kawaida i haipo, na mlinganyo huu una zile nukta tatu tu pamoja na infiniti. Hoja ya kuthibitisha hilo ni ya mwanahisabati Fermat. Lakini kwenye namba za p-adiki, zinazoshika baki za p, p², p³ na kuendelea kwa pamoja, alizoleta mwanahisabati Hensel mwaka 1897, kwa p = 5, i ipo, na tunaisogelea hatua kwa hatua: 2, 7, 57, 182. Tumeihakiki 57: 57² + 1 = 3250 = 26 × 125. Nukta yetu inaishi humo pia.

Jana tulipanda hadi fildi (mifumo ya namba unamojumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa) zenye elementi, yaani namba, p². Kwa 7 tunaongeza i. Kwa 5, ambayo tayari ina i, tunaongeza kipeuo cha pili cha 2. Zile nane tatu zimeachana: 5 imetoa 32, 7 imetoa 64, 13 imetoa 160. Kazi inayofuata ni fildi ya elementi 125. Kanuni ya kukokotoa idadi hiyo kutoka ile nane ya 5 inasema 104, na mpwa wangu amekataa kuiandika jedwalini mpaka azihesabu mwenyewe.