Sifuri ya namba kumi na nne

Jumamosi ya nne tangu kikoba kianze kutumia mfumo wangu, mhazini alinipigia simu saa kumi na moja jioni. Nikamwamkia, hata kuitikia hakuitikia.

"Fundi, kompyuta yako imetuibia."

Nina kibanda cha stesheneri hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na jioni wateja wakipungua naandika vimfumo vidogo vya PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa watu waliochoka na madaftari. Kikoba hiki kina wanachama 31, wengi wao kina mama wa sokoni. Hisa moja ni shilingi 5,000, na kwa kikao kimoja mtu hanunui zaidi ya hisa tano. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zimekaa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Hao ni watu waliowaza habari ya wizi miaka mingi kabla mimi sijawaza habari ya mfumo.

Nilifunga kibanda nikapanda bodaboda. Nilipofika, kikao kilikuwa kimekwisha lakini hakuna aliyeondoka. Daftari lilisema shilingi 545,000. Sanduku lilikuwa limehesabiwa mara mbili, nalo lilisema 545,000. Laptopu iliyokuwa juu ya meza ilisema 240,000, tena kwa maandishi makubwa ya kijani ambayo niliyachagua mwenyewe yapendeze.

Kumbe mambo yalikuwa yameanza vibaya zaidi ya hapo. Kabla sanduku halijahesabiwa mara ya pili, kuna mtu alishamtazama mhazini kwa jicho lile. Kompyuta haina ndugu wala deni, kwa hiyo ikisema 240,000 na daftari likasema 545,000, aliyeshika kalamu ndiye anayeulizwa. Mama wa watu ana miaka zaidi ya kumi kwenye uhazini, na hata shilingi mia haijawahi kupotea mikononi mwake. Mimi na mistari yangu mitatu ya msimbo tulikuwa tumemtia doa kwa dakika ishirini.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Kosa ni langu, nitalitafuta leo leo."

"Litafute, mwanangu. Mimi nitatumia daftari."

Nikarudi na laptopu kibandani. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuwahesabu watu. Nikaiuliza rowCount(), amri ya PHP ya kuhesabu mistari, imepata mistari mingapi kutoka kwenye hifadhidata, yaani mahali mfumo unapotunza kumbukumbu: 31. Vizuri, wote wapo. Kisha nikaweka kihesabio ndani ya lupu, ule msimbo unaojirudia kwa kila mtu, kinachoongeza moja kila inapozunguka: 13. Watu 31 wameingia ukumbini, lakini wameitwa 13 tu.

Kosa lilikuwa kwenye mistari hii, naiweka ilivyokuwa:

$swali = $db->query("SELECT kiasi FROM michango WHERE kikao = 4 ORDER BY namba");
while ($kiasi = $swali->fetchColumn()) {
    $jumla += $kiasi;
}

Itazame vizuri. Mimi niliitazama kwa saa nzima bila kuona kitu. Inavyofanya kazi ni kama katibu anavyoita kwenye kikao. "Namba moja!" Mtu anasimama, analeta kitabu chake na pesa, anarudi kukaa. "Namba mbili!" Kila ukiita fetch (hapa ni fetchColumn(), inayochukua safu moja tu ya mstari) unapewa mstari mmoja, na kile kidole kisichoonekana kinasogea kwenye mstari unaofuata. Hakirudi nyuma chenyewe. Ndiyo maana ukijaribu kuzungusha matokeo yale yale mara ya pili, lupu ya pili inatoka kapa na unabaki kujiuliza data zimekwenda wapi. Hazijakwenda popote, kidole kimefika mwisho. Hilo niliwahi kuhangaika nalo siku mbili mwaka niliojifunza PHP, na leo nalitatua kwa kuyamimina matokeo yote kwenye orodha moja kwa fetchAll() kama watu ni wachache.

Nilidhani ni hilo. Silo.

Ikabidi nibadilishe mpangilio ili niwaone wachangiaji wakubwa kwanza, nikaandika ORDER BY kiasi DESC. Nikabonyeza. Skrini ikasema 545,000.

Nikarudisha ORDER BY namba. 240,000.

Jamani. Tangu lini kupanga foleni kukabadilisha jumla ya pesa? Mfukoni nina noti ya elfu kumi na ya elfu mbili; nianze kuhesabu kubwa au ndogo, ni elfu kumi na mbili tu. Nikazima taa, nikatoka nje kununua mhogo wa kuchoma, na nadhani ni pale kwenye jiko la mhogo nilipopata jibu, maana nilirudi mbio na mhogo haujaisha.

Mwanachama namba 14 hakununua hisa wiki ile. Alifiwa. Alimtuma mtu kuleta taarifa, na mhazini akamwandikia 0. Hakuacha nafasi wazi, kwa sababu kwa mhazini huyu nafasi wazi ina maana nyingine kabisa: ni mtu aliyesahauliwa. Mtu aliyeitwa na hana kitu anaandikiwa sifuri, tena inapigwa mstari chini isije ikageuzwa kuwa sita. Siku ya kwanza kabisa alinisisitizia hivyo, "Sifuri nayo inaandikwa," nami nikatii: fomu yangu inaingiza mstari wenye kiasi 0.

Halafu lupu yangu ikafika kwa namba 14, ikachukua ile sifuri, na hapo ndipo shida ilipo. While haiulizi "kuna mtu mwingine kwenye foleni?" Inauliza "hiki nilichopewa ni kitu au si kitu?" Foleni ikiisha, fetchColumn() inarudisha false, yaani si kitu, na lupu inasimama. Safi. Lakini kwa PHP sifuri nayo si kitu. Iwe namba 0 au herufi "0" iliyotoka kwenye hifadhidata kama maandishi, haijali. NULL, yaani nafasi wazi, pia. Kwa hiyo ilimwona namba 14, ikamdhania ndiye mwisho wa ukumbi, ikafunga daftari. Watu 17 waliokuwa nyuma yake, wengine na hisa zao tano mkononi, hawakuitwa. Na walikuwa wameshafika kabisa: PDO, daraja la PHP kwenda kwenye hifadhidata, ikitumia hifadhidata ya MySQL, kwa kawaida huleta matokeo yote upande wa PHP kabla hujaanza kuyasoma. Walikuwa wamekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta wanasubiri namba zao.

Sasa na ule mpangilio unaeleweka. Ukipanga kwa kiasi kuanzia kikubwa, masifuri yote yanakwenda mkiani, na lupu ikisimama pale haijapoteza kitu. Kwa Jumamosi tatu za mwanzo kila mwanachama alinunua walau hisa moja, kwa hiyo mfumo ulikuwa sahihi wiki tatu kwa bahati tu, na mimi nikajisifu kwa mke wangu.

Kuna jambo lingine lililonichekesha, ingawa usiku ule sikucheka. Safu ya kiasi niliitengeneza kuwa INT, yaani namba kamili, nikijua shilingi zetu siku hizi hazina senti za kuhangaikia. Kama ningeiweka DECIMAL yenye tarakimu mbili za senti, hifadhidata ingerudisha "0.00", na maandishi "0.00" kwa PHP ni kitu! Ni "0" peke yake, na maandishi matupu, ndiyo yanayohesabiwa kuwa si kitu. Yaani ningekosea muundo wa jedwali, jumla ingekuwa sahihi. Lugha hii naipenda lakini ina vituko.

Nilijiuliza nimefikaje huko, maana lupu za namna hii nimeandika labda mara elfu. Nadhani ni mazoea. Nilijifunza wakati wa mysql_fetch_array, amri ya zamani ya kuchukua mstari, kwenye XAMPP (programu inayokuwekea PHP na hifadhidata kwenye kompyuta) ya rafiki yangu, na ule mstari nikaukariri kama wimbo wa shule: while, mabano, dola row, alama moja tu ya sawasawa (si mbili, ukiweka mbili unalinganisha badala ya kupokea). Sikuwa naelewa. Hata sikujua kwamba fetch_array usipoiambia inakupa kila kitu mara mbili, kwa namba na kwa jina la safu, mpaka siku nilipochapisha orodha kwa foreach, lupu inayopita kila kitu kilichomo, kila jina likatoka pacha. PHP 7 ilipotoka Desemba 2015 bila zile amri za mysql_ zote (walikuwa wameshatuonya tangu toleo la 5.5 mwaka 2013, sisi tukaziba masikio), nikahamia PDO, nikabeba na wimbo wangu.

Na wimbo ule haukuwa na kosa, kwa sababu ulikuwa unapokea mstari mzima. Mstari mzima ni orodha yenye vitu ndani, na orodha yenye vitu ni kitu hata kama vyote vilivyomo ni sifuri. Mwanachama mwenye hisa 0 bado ana jina na namba, kwa hiyo anapita. Nilipojifanya mjanja nikachukua safu moja tu ya kiasi kwa fetchColumn() nipunguze maandishi, nilimvua yule mtu jina na namba, nikabaki na sifuri yake mkononi. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya kwamba njia hii isitumike kwa safu za ndiyo na hapana, kwa kuwa huwezi kutofautisha false ya data na false ya mwisho wa foleni. Nimeusoma usiku ule, baada ya mhogo.

Kurekebisha kulinichukua dakika mbili. Ukitaka kubaki na while, uliza swali lenyewe hasa: while (($kiasi = $swali->fetchColumn()) !== false), alama tatu, ili sifuri ipite na false pekee ndiyo isimamishe. Mimi niliondoa while kabisa nikaweka foreach ($swali as $mstari), kwa sababu foreach haipimi uzito wa kitu, inakwenda mpaka watu waishe. Kisha nikakumbuka kwamba kwa jumla tupu hata lupu haihitajiki: SELECT SUM(kiasi), hifadhidata ijumlishe yenyewe, ndiyo kazi yake. Lupu nikaiacha kwenye ripoti ya majina tu. Humo nako nilikuta aibu nyingine: ndani ya kila mzunguko nilikuwa naiuliza hifadhidata upya mkopo wa mwanachama yule, yaani maswali 32 kwa ukurasa mmoja (moja la majina na 31 ya mikopo), wakati LEFT JOIN moja, swali linalounganisha majedwali mawili, ingetosha. Kwa watu 31 huoni uzito. Nimeirekebisha hata hivyo, nilikuwa na hasira.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kabla ya kikao. "Shikamoo mama." Safari hii akaitikia. Nikamfungulia kikao cha nne, 545,000, naye akafungua daftari, akapita na kidole mstari kwa mstari, wote 31, akinisomea kwa sauti nami namwonyesha kwenye skrini. Alipofika kwa namba 14 akasimama.

"Hapa kompyuta ilikwama?"

"Hapo hapo mama. Iliona sifuri ikadhani watu wameisha."

Alinitazama kwa muda. "Sasa kama huyu ndiye angekuwa namba moja?"

Nikamwambia jumla ingekuwa sifuri. Akacheka mpaka akavua miwani, akamwita mwenyekiti aje asikie, na mwenyekiti akamwita yule aliyemtazama kwa jicho lile. Nikaeleza upya mara tatu. Daftari bado analitumia, sambamba na mfumo, na sijathubutu kumwambia aache.

Jana usiku nikapata wazo ambalo lingenijia wiki mbili kabla kama ningekuwa na akili. Nikatafuta neno fetchColumn kwenye folda zote za kazi zangu za zamani. Limetokea sehemu nne. Tatu ni salama, zinachukua thamani moja tu bila lupu. Ya nne ni ya duka moja la vipuri vya pikipiki, ukurasa wa thamani ya mzigo uliopo stoo: idadi mara bei, bidhaa moja baada ya nyingine kwa alfabeti, ndani ya while. Bidhaa ya kwanza iliyoisha stoo inakata kila kinachofuata. Mwenye duka aliwahi kuniuliza mbona thamani inaonekana ndogo kuliko anavyodhani, nami nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba pengine anakula mtaji bila kujijua, aanze kujibana.

Nimempigia asubuhi hii mara mbili, bado hajapokea.