Saa 45 kwa mwezi

Shemeji yangu yuko Dallas, ana miaka 63 kama mimi, na bado anapiga kazi. Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani, wanamhesabia mapato: mwaka 2025 akipita dola 23,400, kila dola mbili za ziada zinamlia dola moja ya pensheni. Nikadhani na mimi, ninayepokea pensheni hiyo hiyo huku Nairobi, napimwa kwa kipimo hicho. Kuendesha gari la shule hapa Kasarani nalipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Hizo zitamtisha nani?

Kumbe mtu akiwa nje ya Marekani, na mwajiri wake ni wa huku asiyelipa kodi ya Social Security, hawaulizi pesa. Wanauliza saa. Kabla hujafikisha umri kamili wa kustaafu, ambao kwetu tuliozaliwa 1960 na baadaye ni miaka 67, ukizidisha saa 45 za kazi basi pensheni ya mwezi huo inazuiwa. Yote. Hayo niliyajua nikijaza fomu wanayotutumia tulio nje. Kidogo niitupe kwenye droo.

Nikachukua kalamu. Asubuhi naendesha kwa muda wa saa moja, jioni muda huo huo, jumla saa mbili kwa siku. Mwezi wa siku 22 za shule ni saa 44, nimepona. Lakini Julai ilikuwa na siku 23. Saa 46! Na hapo sijaweka msongamano wa Thika Road mvua ikinyesha. Nilianza kuchukua pensheni nikiwa na 62, wakanikata karibu asilimia 30, nikabaki na kama dola 1,120. Nizipoteze kwa sababu ya saa moja?

Ni kweli hazipotei kabisa. Nikifika 67 watanipigia hesabu upya, miezi waliyozuia ipunguze yale makato ya kuanza mapema. Lakini karo ya mjukuu haingoji 67.

Nikaenda kwa mwenye shule, nikamwomba Ijumaa zote apewe dereva mwingine.

"Mzee, kila dereva hapa analilia siku zaidi."

"Mimi nalilia chache, madam. Na mshahara punguza."

Alicheka mpaka akavua miwani. Sasa Julai kwangu ni siku 19, saa 38, na saba za kuachia msongamano. Dakika naandika kwenye daftari lililo chini ya kiti. Leo tarehe 24 niko saa 33 na dakika 40, na kesho ni Ijumaa.