Hushuka Nani?

Tangu Jumapili iliyopita sijalala usingizi wa maana, na si joto la kaskazi peke yake. Ni swali la baba, na jibu nililompa.

Mwajua nilivyomsihi aje aone meli tangu nipate kazi ya kuhesabu makontena kule Magogoni, bandari mpya ya Lamu. Amekataa tangu gati la kwanza lilipofunguliwa, Mei 20, 2021, siku meli ya CAP Carmel ilipofunga kamba na Amu nzima, yaani Lamu yetu, ikatoka kutazama. Yeye alibaki barazani. Kisa ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na miamba aliyovua ujanani ambayo sasa imechimbwa kupisha meli. Hukumu ya mahakama ya Malindi ya mwaka 2018, ile ya fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600, naliisoma kwa sauti mbele yake mara mbili. Alisikiliza, kisha akaomba chai.

Jumapili ile akaamka akasema, "Haya, twende." Mjomba akatoa mashua, tukangoja maji yajae ndipo tupite Mkanda. Tulikaa mbali, maana vyombo vidogo havisogei gatini. Meli ilikuwa imelala ubavu mzima. Gati lina mita 400 na sehemu iliyobaki wazi ilikuwa ndogo. Baba alivua kofia yake ya vito akaipakata, upepo usiichukue, akahesabu safu za makontena kwa kidole. Saba kwenda juu. Nikamweleza kwamba gati lina kina cha mita 17.5, kwamba meli kubwa hushusha makontena hapa, kisha meli ndogo huyachukua zikayapeleka bandari nyingine. Nilieleza kwa furaha. Nilitaka aione kazi yangu.

Akauliza, "Hushuka nani?"

"Hashuki mtu, baba. Meli yabadilisha makontena tu, iondoke."

"Mabaharia nao?"

"Wabaki melini."

Akatazama kitambo. Akasema, "Haituyui, basi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamjibu, "Siku hizi meli hazina haja ya kujua mtu, baba."

Hakusema neno tena mpaka tukafika. Mjomba ndiye aliyejaza safari, kwa habari za bei ya kamba wa baharini.

Wiki hii binamu yangu ameolewa, umeme umekatika siku mbili, na mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, alhamdulillahi. Lakini kila nikifumba macho naona ile kofia mapajani mwake. Mbona nilimwambia vile? Baba alikuwa baharia wa jahazi za boriti, miti ya mikoko. Kabla serikali haijazuia mikoko isipelekwe nje, mwaka 1982, walipakia kwa korija, ishirini ishirini, fito mbali, pau mbali, boriti mbali, wakaenda nazo mpaka Arabuni. Na kaskazi ikivuma, jahazi za huko zilikuja na tende, chumvi na papa, zikakaa hapa zikingoja kusi. Miezi mizima. Mabaharia walikuwa na nyumba za kufikia, na nyanya alijua nani hali pilipili. Kwa baba, chombo kikifika ni watu wamefika. Hakuwa ameniuliza habari ya bandari. Alikuwa akiuliza nani apikiwe.

Nami nikamjibu kama karani.

Alhamisi basi. Saa ya chakula nilikuwa nimekaa kivulini nakula embe, nyingine iko kwenye mkoba. Baharia mmoja akashuka ngazi kusoma alama za kina ubavuni mwa meli, kijana tu, karatasi mkononi na penseli nyuma ya sikio. Aliponipita akasimama akitazama embe. Akacheka, akasema kwao nako zipo, huziita "mangga". Nikatoa ile ya pili nikampa. Aliinusa kwanza, pale kwenye kikonyo, kama anusavyo mtu aliyezaliwa na miembe. Macho yakamlegea. Akasema ana miezi saba hajakanyaga mji.

Kisha akaniuliza hapa panaitwaje. Si jina la bandari, hilo wanalo kwenye makaratasi yao. Mahali. Nikamwambia, "Amu." Akaliandika kwa penseli kwenye karatasi ileile ya vipimo, akalisoma, nikamsahihisha, akalisoma tena. Akapanda na embe yake. Jioni meli ikatoka.

Nilipiga hatua mbilimbili kutoka gati la mashua mpaka nyumbani. Baba alikuwa amemaliza magharibi. Nikamhadithia yote, na kunusa, na penseli. Alinisikiliza kichwa kimeinama.

"Ulimpa embe gani?"

"Ngowe."

"Ilikuwa imeiva?"

Nikasema ndiyo, kisha nikaingia shaka, maana ile niliyokula mimi ndiyo iliyokuwa laini zaidi. Baba akaniambia siku nyingine nibebe nne, nizibonyeze kabla sijatoka. Asubuhi yake nikakuta kikapu mlangoni, ngowe sita ndani, zimefunikwa kwa gazeti. Meli nyingine inatarajiwa Jumanne.

Bado sijamwomba radhi kwa maneno. Nitamwomba. Usiku huu tumecheka pamoja barazani, mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Ila chai ya leo ilikuwa na chumvi. Mama asema ni sufuria, nami nimeisugua sufuria ile mwenyewe. Nikateka ndoo moja kisimani, nikayaonja maji kwa ncha ya ulimi. Ni kisima. Na mvua za masika bado ziko mbali, na wageni wa harusi hawajaondoka, watu kumi na mmoja ndani ya nyumba. Kesho alfajiri, kabla ya boti, nitaomba ndoo mbili kwa jirani.