Basi la Kutoka Mjini

Saa 12 asubuhi stendi ilijaa watu, karibu wote wakishuka. Tuliopanda tulikuwa 11, kwenye basi la abiria 60. Upande wa pili wa barabara foleni ya kuingia mjini ilikuwa imeganda: malori ya mchanga, malori ya magogo, pikipiki zenye madumu ya maziwa.

Nilikuwa na picha kichwani. Johann Heinrich von Thünen, mkulima wa Ujerumani, aliandika mwaka 1826 kwamba kilimo hujipanga kuuzunguka mji kwa miduara. Karibu kabisa ni mboga na maziwa, maana huharibika upesi. Kisha msitu, maana kuni ni nzito kusafirisha. Kisha nafaka, na mwisho mifugo, ambayo hujipeleka sokoni kwa miguu yake. Nikakaa dirishani kuusubiri mduara wa kwanza.

Sikuuona. Nyumba zilipokwisha vilianza vichaka, juu ya udongo mweusi ambao mkulima yeyote angeutamani. Basi liliposimama kupakia mizigo nilishuka kunyoosha miguu, nikajikwaa kwenye jiwe la mpaka lililozama nyasini. Lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, na namba yake ilisomeka vizuri. Kumbe yalikuwa mengi, yamejipanga hadi bondeni, na matuta ya zamani yalikatiza katikati yake kana kwamba hakuna aliyeyaarifu.

Mama niliyekaa naye, aliyepakata boksi la miche, alinicheka niliporudi.

"Unashangaa nini, mwanangu? Hapo hapalimwi. Mwenyewe anausubiri mji umfikie."

Mwanajiografia Robert Sinclair alilieleza jambo hilo mwaka 1967, kwa maneno mengi zaidi. Pembezoni mwa mji unaopanuka, anayetarajia kuuza ardhi hana sababu ya kuchimba mfereji wala kurutubisha udongo. Kwa hiyo miduara ya Thünen hugeuka: kadiri unavyouacha mji, ndivyo shamba linavyotunzwa zaidi.

Na kweli, baada ya mwendo wa saa nzima mashamba yalifunguka. Mistari imenyooka, pampu zinanguruma, vijana wanapanga makreti kando ya lami. Mama alishuka hapo na miche yake. Soko la mjini liko karibu kiasi cha kumlipa, na madalali wa viwanja bado hawajamfikia. Sijui atabaki hivyo kwa miaka mingapi.

Mbele zaidi lami iliisha, na vijana pia. Gunnar Myrdal, mchumi wa Uswidi, aliandika mwaka 1957 kuhusu mikondo miwili: mmoja hutoa neema mjini na kuieneza vijijini, mwingine hunyonya watu na mitaji kutoka vijijini. Mimi niliiona yote miwili kwenye nyumba moja. Bati jipya, madirisha ya vioo, na kufuli kubwa mlangoni. Mzee wa jirani alisema imejengwa na mwanawe aliyeko mjini. Yeye mzee analala kwenye ile ya zamani, huku funguo za mpya zikining'inia shingoni mwake.

Nilikuwa nimepanga kurudi siku hiyohiyo. Dereva aligeuza basi, na kabla sijaufikia mlango vijana wenye mabegi walikuwa wamejaza viti vyote. Konda akanitazama, akatikisa kichwa.

Nikalala hukohuko.