Bosi wa kwenye simu

Hapa kijiweni Kange, nje ya stendi, kuna uvumi kwamba programu za usafiri, zile za kuita bajaji au gari kwa simu kama Uber, ziko njiani kuja Tanga. Vijana wananiuliza mimi, kwa kuwa niliwahi kuendesha bajaji ya programu Dar. Swali lao ni moja tu: kuna hela?

Hela ipo. Tatizo ni kujua ipi yako. Abiria wengi wanalipa taslimu, kwa hiyo jioni mfuko umetuna, lakini kamisheni, yaani fungu la kampuni ya programu kwenye kila safari, inaandikwa kwenye simu kama deni. Likifika kiwango fulani, hupati kazi mpaka ulilipe. Nilikuwa natoa hesabu ya siku kwa tajiri mwenye bajaji, najaza mafuta, namtumia mama chochote, halafu asubuhi niko Mwenge, abiria kibao wanapita, simu kimya. Unadhani siku mbaya, kumbe umefungiwa.

Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 15 tulishangilia. Aprili Uber wakasimamisha huduma nchini, wakarudi mwanzoni mwa 2023, ukomo ukiwa umepandishwa hadi 25. Kwa mtu anayetoa hesabu kila siku, hiyo tofauti ni mafuta ya asubuhi.

Ila kilichonichosha zaidi ni nyota, zile alama abiria anazokupa safari ikiisha. Kuna mama nilimfuata Sinza, nikamkuta na wenzake watatu na ndoo za samaki. Nikamwambia, "Shikamoo mama, bajaji inabeba watatu, trafiki wako pale mbele." Mmoja akachukua bodaboda, tukaondoka. Njia nzima ananisema, mimi "samahani mama, samahani mama." Jioni wastani wangu umeshuka. Nikaandika malalamiko, likaja jibu la kunishukuru kwa kuwasiliana nao. Basi.

Kange abiria akilalamika, mwenyekiti wa kijiwe anatuita wote wawili. Ukikutwa na kosa unawekwa benchi, lakini umesikilizwa, na aliyekuhukumu unamjua mpaka kwake Mikanjuni.

Sisemi kijiwe ni pepo. Niliporudi niliambiwa nilipe kiingilio, tena kikubwa, na foleni yangu ilirukwa makusudi mpaka nilipopata wa kunisemea. Dada mmoja alijaribu kuegesha bajaji yake hapa, akakatishwa tamaa kwa maneno tu. Programu haikuniuliza mimi ni mtoto wa nani wala natokea wapi. Kwa hilo naipa haki yake.

Kwa hiyo nawajibu hivi: zikija, nitajiunga, na kijiweni sitoki. Wakija wale wa kusajili na fulana zao, msiwaulize bonasi ya wiki ya kwanza. Waulizeni ofisi yao hapa Tanga itakuwa barabara ya ngapi, na nani atakaa mle ndani siku akaunti ikifungwa.