Neno "mema" kwenye karatasi ya kura

Ilikuwa Jumamosi ya mvua, Agosti 2009, katika ukumbi mmoja kusini mwa Auckland. Watu kama arobaini, wengi wao Wakongo na Warundi waliofika New Zealand kama wakimbizi, walikuja na bahasha zao za kura ya maoni. Mimi nilikuwa mkalimani wa Kiswahili. Tulipanga nusu saa, tukamaliza jioni, na swali lilikuwa moja tu.

Kule si lazima uwe raia ndipo upige kura. Ukiwa na ukaazi wa kudumu, umri wa miaka 18, na umeishi nchini mwaka mzima mfululizo, unaandikishwa. Kwa hiyo mzee aliyekimbia Uvira alishika karatasi ileile aliyotumiwa waziri mkuu. Kura hiyo, iliyoitishwa na wananchi waliokusanya sahihi, ilipigwa kwa posta kuanzia 31 Julai, mwisho 21 Agosti. Swali nililigeuza hivi: "Je, kumpiga mtoto kibao kama sehemu ya malezi mema ya kumrudi kuwe kosa la jinai New Zealand?" Jibu ni Ndiyo au Hapana.

Tulianza kukwama kwenye "kibao". Ukisema kofi, watu wanaona shavu. Ukisema kuchapa, fimbo imeshaingia mkononi. Mama mmoja aliyezoea kutumia mwiko aliamua kwamba swali halimhusu, kwa kuwa yeye hapigi kwa kiganja. "Kumrudi" nako kulieleweka kwa wazee peke yao; vijana walidhani mtoto anarudishwa Afrika, wakaanza kunong'onezana. Ikabidi niseme "kumtia adabu".

Lakini neno lililoharibu kila kitu lilikuwa "mema". Ukishauliza kama malezi mema yawe jinai, umeshamjibia mtu. Nani atasema ndiyo? Walioandika swali lile walijua walichokuwa wakifanya.

Sheria yenyewe ilikuwa wazi kuliko swali. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Jinai ya 1961 kilikuwa kikimkinga mzazi aliyempiga mtoto ili kumrudi, mradi nguvu aliyotumia iwe ya kiasi. Mwaka 2007 kinga hiyo iliondolewa, kwa muswada wa Sue Bradford, mbunge wa chama cha Kijani. Kifungu kipya kinamruhusu mzazi kutumia nguvu ya kiasi kwa mambo manne: kuzuia mtoto asiumie au asimuumize mwingine, kumzuia asitende kosa la jinai, kumzuia asiendelee na fujo au tabia ya kuudhi, na kazi za kila siku za kumtunza, kama kumvisha nguo au kumfunga mkanda garini. Kisha kinasema kwamba hakuna nguvu yoyote inayohalalishwa kwa ajili ya kumrudi.

Hilo nililieleza kwa mkono wa mzee mmoja aliyekaa mbele. Nilimwomba anishike kifundo cha mkono kana kwamba nakimbilia barabarani. Akanivuta kwa nguvu, kidole gumba kikanibana mshipa. "Hiyo, mzee, inaruhusiwa," nikamwambia. "Sasa tumeshafika kando, gari limepita, unanipiga kibao ili nisirudie. Hiyo hairuhusiwi." Akautazama mkono wake. Mkono ni uleule, nguvu huenda ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, ila hatari imekwisha na kilichobaki ni adhabu. Ukumbi mzima ulielewa pale pale, kwa dakika mbili. Sijaona kwa nini wanasiasa walishindwa kutumia dakika mbili kama hizo.

Na hapo ndipo ninapokereka hadi leo. Katika kampeni za 2005, Helen Clark, akiwa waziri mkuu, aliambia redio kwamba hataki kibao kipigwe marufuku, kwamba huko ni kushindana na maumbile ya binadamu. Miaka miwili baadaye chama chake chote kiliupigia kura muswada. John Key, kiongozi wa upinzani, aliupinga, mpaka tarehe 2 Mei 2007 aliposimama na Clark kutangaza mapatano: iongezwe ibara inayothibitisha kwamba polisi wana hiari ya kutomshtaki mzazi pale kosa ni dogo mno na umma hauna maslahi katika kesi. Tarehe 16 Mei ukapita kwa kura 113 dhidi ya 8.

Ibara ile iliwaruhusu kusema maneno mawili kwa watu wawili. Kwa watetezi wa watoto: tumekataza. Kwa wazazi wenye hasira: msijali, hamtashtakiwa. Mimi naiunga mkono sheria ile kwa moyo wote, mtoto asipigwe. Ndiyo maana naumia kwamba walioipitisha waliogopa kuisoma kwa sauti. Na ibara iliwataja polisi tu. Afisa wa ustawi wa watoto ana utaratibu wake, na wazazi wa ukumbini walimwogopa yeye kuliko polisi.

Karibu na saa kumi mama mmoja wa Kirundi alinivuta pembeni. Hajawahi kumpiga mtoto, alisema, kwa sababu ya aliyoyaona nyumbani kwao. Alikuwa ameshatuma kura yake Alhamisi. "Mwanangu, niliweka Hapana. Hapana, mtoto asipigwe. Ni sawa?"

Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Nikamweleza kwamba Hapana maana yake kibao kisiwe kosa la jinai. Akanyamaza, akarekebisha kitenge begani, akauliza kama posta wanaweza kuirudisha.

Matokeo rasmi yalitoa Hapana asilimia 87.4, Ndiyo karibu 12. John Key, wakati huo akiwa waziri mkuu, ambaye kabla ya hapo alilaumu swali kwamba lina utata, alisema sheria inafanya kazi na haitabadilishwa. Kisheria kura za namna ile haziibani serikali.

Mama alipiga simu wiki ileile kuuliza wamesemaje. Nikamwambia: Hapana imeshinda kwa mbali, na sheria inabaki vilevile.

"Kwa hiyo sikuharibu kitu," akasema, na pumzi ikamtoka ndefu. Kisha akauliza kama bahasha zile huletwa kila mwaka. Nikamjibu hapana, mpaka watu waanze tena kukusanya sahihi za asilimia kumi ya wapiga kura ndani ya miezi 12. Akaniomba siku hiyo ikifika nimsomee swali kabla hajashika kalamu.